Akae, Aletewe

Kwenye mazishi ya Guyo walisimama watu wengi kumtaja marehemu, na kila aliyesimama alisema kweli. Walisema alikuwa mtu wa ng'ombe, na alikuwa. Walisema alizunguka Delta yote ya Mto Tana akipatanisha wafugaji na wakulima katika miaka ile mibaya, na hakuna asiyelijua hilo. Nilikaa upande wa wanawake, katika chumba kilichotandikwa mikeka, chenye harufu ya udi na maziwa yaliyokuwa yakichemshwa kwa ajili ya wageni. Nilisikiliza kupitia dirisha, nikimngoja mtu mmoja tu aseme kwamba Guyo alikuwa pia mwandishi wa programu za kompyuta. Hakuna aliyesema. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akigawa chai, aliniuliza nilimjuaje baba yake. Nikamwambia tulifanya kazi meza moja hapa hapa Garsen, tukitengeneza programu. Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa wakubwa. "Baba? Shangazi, baba hata simu yake nilikuwa namwekea saa mimi." Sikubishana naye siku ile. Msiba si mahali pa kubishana. Lakini nilipopanda gari kurudi Mombasa nilijua kwamba sura hii ya kumbukumbu zangu nitaiandika, na kwamba nitaiandika bila haya, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ilikuwa nzuri.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa wanaandika programu za wavuti kwa mifumo iliyokuja tayari. Wakitaka sehemu moja ya programu ipate chombo kinachotengenezwa na sehemu nyingine, hawahangaiki. Juu ya mstari wanaweka alama ya @ na neno moja, na mfumo wenyewe unakileta chombo na kukikabidhi pale kinapotakiwa. Wanafanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyobonyeza taa chumbani kwake. Mara ya kwanza nilipouona mtindo huo umeandikwa kitabuni na wageni, miaka kadhaa baada ya Garsen, niliinuka kitini, nikatoka nje, nikazunguka jengo zima, nikarudi nikausoma tena. Sidai kwamba tulikuwa wa kwanza duniani. Jambo jema hufikiriwa na wengi, kila mmoja kwao. Ninachodai ni kidogo, nacho sitamwachia mtu: mwaka wa tisini na nane, katika chumba kilichowahi kuwa ghala la pamba, mimi na Guyo tulilifikiri jambo hilo sisi wenyewe, tukalijenga, likafanya kazi, na neno tuliloliandika mbele ya ile alama lilikuwa la Kiswahili.

Nilifika Garsen maji ya mafuriko yakiwa bado hayajaondoka mashambani. Mto Tana ulikuwa umetoka njiani mwake na haukuwa na haraka ya kurudi. Nilipanga chumba kwa Mama Jillo, Mpokomo wa Golbanti ambaye shamba lake la mpunga lilikuwa chini ya maji, akaamua kuja mjini kuwapikia wafanyakazi wa miradi. Ukutani mwa chumba changu kulikuwa na mstari wa tope, karibu usawa wa kiuno, pale maji yalipofika yakasimama. Mama Jillo alikataa kuupaka chokaa. "Uache," aliniambia, "mgeni akija aone tulipotoka." Jikoni kwake kulikuwa na meza ndefu ya mbao, na hapo ndipo tulipokula mchana sote: wali, ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi, kambare aliyekaushwa kwa moshi kisha akachemshwa na nyanya. Guyo hakumgusa samaki maisha yake yote, kama Waorma wengi wa zamani. Alikuja na kibuyu chake cha maziwa, akaomba wali mkavu, akaketi mwisho wa meza mbali na lile bakuli la samaki. Mama Jillo hakumwacha. "Guyo mwanangu, huyu samaki umemkosea nini? Kwa kuwa hana kwato?" Naye Guyo alijibu bila kuinua kichwa: "Mama, kitu haina miguu, inatembea namna gani? Hiyo si mnyama. Hiyo ni maneno." Kila mchana mzaha ulikuwa huo huo, na kila mchana tulicheka.

Mradi wetu ulikuwa wa afya ya mifugo. Mafuriko yalipopungua, magonjwa yalifuata, na kazi yetu ilikuwa kujua mapema ni wapi wanyama wameanza kukohoa, ili chanjo ya homa ya mapafu ifike kabla ugonjwa haujaenea. Taarifa zilitujia kutoka pande tatu. Za Ozi, kule mto unakokaribia kumwagika baharini, zilikuja kwa diski iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kupandishwa kwa boti. Za Madogo, mbali kaskazini, mkabala na Garissa, zilitumwa kwa redio na Halima, msichana wa Kisomali niliyemjua sauti muda mrefu kabla ya kumjua sura. Zetu za Garsen tuliziingiza wenyewe na kuzipeleka makao makuu kwa simu, siku ambazo simu ilikuwa hai. Guyo alikuwa amenitangulia miezi michache, naye ndiye aliyeandika programu ya kupokea taarifa zote hizo na kuzionyesha kwenye ukurasa, kama kurasa za mtandao wa leo, ila mtandao wetu wote ulikuwa waya mmoja uliotoka kwenye kompyuta kubwa kando ya friji ya chanjo hadi mezani kwa mkuu wetu, Daktari Mwakio. Daktari alikuwa Mtaita, daktari wa mifugo, mpole wa sauti na mkali wa saa. Aliufungua ukurasa ule kila asubuhi kabla hajavua kofia.

Lazima nieleze shida ilikuwa nini, maana bila shida hiyo hakuna cha kusimulia. Programu ya Guyo iliundwa kwa vitu, kama zilivyo programu nyingi hadi leo: kitu cha kupokea taarifa, kitu cha kukisia dozi, kitu cha kutoa onyo, na kila kimoja kazi yake. Hilo lilikuwa sawa. Lisilokuwa sawa ni kwamba kila kitu kilijitafutia vyombo vyake chenyewe. Kile cha kutoa onyo, kwa mfano, kilijiundia laini ya simu ndani ya tumbo lake. Kile cha dozi nacho kilijiundia ya kwake. Nguzo za simu zilipoanguka, Guyo ilimbidi afungue kila faili, atafute neno simu, aweke redio. Simu iliporudi, akafungua yote tena. Na kwa kuwa Ozi walitumia diski na Madogo walitumia redio, tulikuwa na programu tatu zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja, kila moja na ugonjwa wake. Nilipoziona mara ya kwanza nilimwambia Guyo kwamba hii si programu, ni boma lisilo na mlango. Hakukasirika. Alisema, "Mlango iko. Ila kila siku nahamisha."

Katikati ya masika jambo likatokea. Halima alituma taarifa ya mbuzi wanaokohoa upande wake. Kompyuta yetu ikaipokea vizuri. Lakini mahali pamoja, ndani kabisa ya sehemu ya kukisia dozi, bado paliandikwa simu, na simu ilikuwa imekatika tena. Sehemu hiyo ikakaa inaingoja laini iliyokufa, na ukurasa wa Daktari ukaendelea kusema kwamba hakuna taarifa mpya. Daktari alizipata habari kwa dereva wa lori aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Aliingia chumbani kwetu polepole, akasimama kati ya meza zetu.

"Bi Khadija. Guyo. Nimesimama barabarani hapo, dereva wa lori ameniambia jambo ambalo kompyuta yangu hailijui."

Guyo alikwisha jua. Alikuwa amefungua faili lenyewe, na kidole chake kilikuwa juu ya skrini, pale palipoandikwa simu.

"Ni hapa, Daktari," alisema. "Hii moja ilinitoroka."

"Na kesho itakutoroka nyingine," Daktari akasema, bila ukali. "Makao makuu wanataka mashine hizi ziende kwenye mradi mwingine. Nimewatetea. Nitawatetea hadi chanjo ya awamu hii ifike. Siku makasha yatakapotua hapa, ukurasa huu uniambie yaende wapi. Usiponiambia, tunarudi kwenye redio na kalamu, na mashine zinarudi Nairobi."

Akatoka. Friji ya chanjo iliendelea kuwaka kwa gesi yake. Guyo akalifuta lile neno simu, akaandika redio.

Nilikuwa nimetoka chuoni na wazo moja nililolithamini mno, nikaona saa yake imefika. Nilisema tuviondolee vitu vyote uwezo wa kujiundia vyombo, kisha tuandike faili moja kubwa la pembeni litakalosema: kitu hiki kipewe redio, kile kipewe simu, kile kipewe kipimo cha dozi. Programu ikiamka, isome faili hilo na kugawa. Guyo alikubali, tukafanya, na hapo Garsen ilienda vizuri. Nusu ya wazo ilikuwa sahihi, na najivunia nusu hiyo mpaka leo: vitu viliacha kujitafutia, vikaanza kupewa. Lakini lile faili la pembeni lilikuwa mbali na mambo liliyoyasema. Ukibadilisha jina ndani ya programu, faili halijui. Tulipopeleka diski Madogo, Halima akatuita redioni, na mpaka leo nikifumba macho naisikia sauti yake ikipita katika mkwaruzo ule.

"Garsen, Garsen, hapa Madogo. Khadija walaal, dada yangu, hii faili yenu ni ndefu kama safari ya ngamia. Imekataa kuamka. Inasema haimjui mtu anaitwa Mpelekaji. Ova."

"Halima, tulimbadilisha jina. Sasa ni Mtumaji. Badilisha na wewe. Ova."

"Wapi? Ameandikwa kila mahali. Nikishika hapa, pale panavunjika. Ova."

Guyo alichukua kipaza sauti mkononi mwangu akamwambia Halima aache, asiguse tena, tutafikiri. Kisha tukaenda kula.

Nataka niieleze meza ya siku ile kama ninavyoikumbuka, kwa sababu ndipo palipozaliwa jambo lenyewe. Mvua ilikuwa imetua muda huo huo na mabati ya Mama Jillo yalikuwa bado yanadondosha. Kulikuwa na maembe madogo kwenye sinia, na madereva wawili wa mradi mwingine wakibishana kama barabara ya Hola inapitika. Mimi nilikula kwa hasira. Guyo hakula. Alikuwa na desturi ambayo wakati ule niliiona ya kitoto: juu ya kila mstari wa maana katika programu, aliandika maelezo kwa Kiswahili chake. Maelezo ya namna hiyo huandikwa kwa ajili ya binadamu. Kompyuta huyaruka, haiyasomi kabisa. Mimi nilifundishwa kuyaandika kwa Kiingereza kifupi. Yeye aliandika kama anazungumza na mtu: *hapa inataka mtu wa kutuma habari. Isichague yenyewe.*

"Mimi niliandika," alisema, akisukuma sahani. "Yote niliandika pale juu. Hapa inataka redio, hapa inataka dozi. Mtu yeyote akisoma anaelewa. Faili yako ya pembeni inasema maneno gani? Inasema ile ile, mara ya pili, tena vibaya. Shida ni moja tu. Kompyuta haisomi ile yangu."

"Kompyuta haisomi maelezo, Guyo. Ndivyo ilivyo."

"Najua. Nasema tu."

Nikaacha kula. Nakumbuka nilikuwa na kokwa la embe mkononi na sikujua niliweke wapi.

"Kwa nini haisomi?" nikauliza.

"Wewe ndiye umesoma chuo. Uniambie."

"Kwa sababu hakuna aliyeiandikia msomaji. Guyo, tukimwandikia msomaji? Programu ndogo inayopita kwanza, inasoma maelezo yako peke yake, inaona wapi panatakiwa nini, kisha inagawa. Hakuna faili la pembeni. Haja inaandikwa pale pale ilipo, juu ya mstari wenyewe."

Alinitazama kwa muda. Mama Jillo alikuja kuchukua sahani, akatutazama sote wawili, akamuuliza dereva mmoja: "Hawa wamegombana?" Dereva akasema hajui. Guyo akasimama na kibuyu chake. "Twende," akasema. Sikunawa mikono vizuri. Kibodi yangu ilinata embe wiki nzima.

Kompyuta haiwezi kuelewa maongezi, kwa hiyo ilibidi tuchague alama moja na neno moja, ili msomaji asichanganye agizo na porojo. Alama ilikuwa rahisi. Lugha tuliyoitumia, Java, ilikuwa tayari na desturi ya kuweka @ ndani ya maelezo pale mtu anapotaja jina la mwandishi na mambo kama hayo. Neno ndilo lililotugombanisha. Mimi nilitaka @nahitaji. Niliona liko wazi: kitu kinasema kinahitaji redio, basi kipewe redio. Guyo alikataa kata kata.

"Akisema nahitaji, atainuka kwenda kutafuta. Ndiyo ugonjwa yetu ya kwanza hiyo. Kila mtu anahitaji, kila mtu anatoka, boma inabaki wazi. Hapana. Andika letewa."

"Letewa? Halijasimama hilo, Guyo. Ni nani anayeletewa?"

"Yeye. Akae, aletewe."

Mimi ni mtu wa Kipini, Kiswahili nilinyonya, na nilikuwa tayari kumsahihisha kama nilivyomsahihisha mara nyingi. Mara hii sikumsahihisha. Alikuwa ameliweka wazo lote, lile ambalo baadaye watu wangeliandikia vitabu vinene, ndani ya kiambishi kimoja. Kitu hakiendi kutafuta. Kinakaa kwenye kazi yake, kinaletewa. Nikaandika @letewa juu ya mstari wa kwanza, na mkono wangu ulijua kabla yangu kwamba hatutalibadilisha.

Siku zilizofuata tuligawana kazi. Mimi nilimwandika msomaji, yeye akapita faili baada ya faili akifuta zile laini za simu na redio zilizojificha ndani ya vitu, na kuweka alama. Kwa vitu vyenye kutoa huduma tuliweka alama nyingine, kila kimoja kitaje ni cha aina gani: huyu ni mtumaji kwa redio, huyu kwa simu, huyu kwa diski. Kisha kila ofisi ikapewa faili lenye neno moja tu la kusema hapa twatumia nini. Haikuwa kazi laini. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mjinga mwenye bidii: hakuangalia kama alama ya @ ipo, akakuta neno letewa katikati ya sentensi ya kawaida ya Guyo, iliyosema chanjo ya Ozi italetewa boti, akakipelekea redio kitu ambacho hakikuomba. Siku nyingine programu iliganda yote, na tulitumia asubuhi nzima kugundua kwamba kitu cha dozi kilikuwa kinangoja kile cha onyo, nacho cha onyo kinangoja cha dozi, kila kimoja kimekaa kwa adabu kinangoja kuletewa mwenzake. Guyo alicheka hadi akashika mbavu. "Hawa ni wakwe," alisema. "Hakuna atakayeingia nyumba kwanza." Tukamfundisha msomaji kuona mzunguko wa namna hiyo na kupiga kelele kabla ya kuanza. Nilikuwa na umri mdogo, nilikuwa na jasho, kalenda ya mradi ilikuwa ikisonga juu ya kichwa changu, na nakiri sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini. Nimepanda vyeo baada ya hapo, nimepewa ofisi zenye viyoyozi. Furaha ile haikupanda nami.

Chanjo ilifika asubuhi yenye jua kali, makasha meupe yamefungwa ndani ya gari, barafu ikiyeyuka. Dereva hakuzima injini. Ozi walikuwa wametuma diski yao siku iliyotangulia, na ukurasa ulionyesha mbuzi wagonjwa huko. Madogo kulikuwa kimya. Daktari alikaa mezani kwake, kofia kichwani, akiutazama. "Basi makasha yote yaende Ozi," alisema, akaanza kuinuka, ndipo simu ikalia. Siku ile ilikuwa hai. Nikaipokea.

"Khadija? Ni Halima. Redio imekufa. Betri imechemka, imepasuka. Nina habari hapa, mbuzi wengi, wanakohoa visimani, watu wamekuja mpaka mlangoni. Nitumeje?"

Madogo ilikuwa mbali, barabara ilikuwa tope, na zamani jambo kama hilo lingemaanisha Guyo asafiri na diski ifike ikiwa imechelewa. Nilimtazama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu, amesikia.

"Halima, fungua faili la ofisi yako. Unaona nini?"

"Naona neno moja. Redio."

"Futa. Andika simu. Hifadhi, uiwashe programu upya."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi? Na ile yote mingine? Ya dozi, ya onyo, ya..."

"Vitaletewa. Kata simu sasa, laini iwe wazi."

Akakata. Daktari alikuwa amesimama katikati ya chumba. Dereva alipiga honi nje, Daktari akatoa mkono dirishani kumnyamazisha bila kugeuka. Guyo alikwenda akasimama kando ya kompyuta kubwa, akaweka kiganja juu yake kama anavyomwekea ng'ombe mgongoni wakati wa kumchoma sindano. Nikawaza yale yote ambayo yangeweza kuharibika, na nikayajua yote kwa majina, kwa sababu niliyaandika mimi. Kisha modemu ikalia. Ule mlio wake mbaya, wa kukwaruza na kupiga miluzi, ambao vijana wa leo hawaujui, uliijaza ofisi. Ukanyamaza. Daktari akarudi mezani, akabonyeza. Ukurasa ukajifungua upya, na jina la Madogo likaja juu ya la Ozi, pamoja na visima, wanyama, na makisio ya dozi yamekwisha kukokotolewa.

Daktari aliusoma mara moja. Akavua kofia, akaiweka mezani, akatoka nje. Tukamsikia akimwambia dereva: "Shusha nusu. Hiyo ni ya Ozi. Nusu inayobaki garini inakwenda Madogo leo." Dereva akalalamika kuhusu barabara. "Barabara utaiona mbele ya safari," Daktari akasema. "Shusha." Aliporudi ndani alitupita, akafika hadi mlangoni mwa chumba chake, ndipo akageuka. "Nitawaandikia Nairobi," alisema. "Mashine zinabaki." Baada ya siku chache Halima alitupigia kwamba gari lilifika, barafu ikiwa bado ipo, na ugonjwa uliishia kwenye visima vile. Walikufa wanyama, lakini wachache, na wenyewe walijua wangekufa wangapi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukulitangaza jambo lile, kwa nini hatukuliandikia makala au kuwapelekea watu wa vyuoni. Jibu ni kwamba hatukujua kuwa lina jina. Tulidhani tumetatua shida ya Garsen. Guyo hasa hakuliona kuwa kubwa. Kwake kubwa lilikuwa lile gari kufika na barafu. Labda ndiyo maana hata nyumbani kwake hakulisimulia. Mimi ndiye niliyetembea nalo nchi nzima kifuani. Sasa nikimsikiliza kijana akinieleza kwa Kiingereza kirefu kwa nini kitu hakipaswi kujiundia vyombo vyake, namsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha namwambia kwamba rafiki yangu mmoja, mfugaji, alilisema hilo kwa maneno mawili.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Halima aliteremka Garsen kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake, amevaa buibui lenye vumbi la barabara hadi magotini. Mama Jillo alimpa chumba karibu na changu na akamkaangia ndizi. Alikuwa amekuja na diski. Alisema kwa aibu kidogo kwamba kuna kitu amekitia ndani ya programu, tukitazame tuone kama ameharibu. Wafugaji wa kwake walipoleta habari za ugonjwa walikuwa wakimuuliza pia bei ya mbuzi mnadani, naye alichoka kujibu kwa mdomo. Guyo akaitia diski, akafungua faili. Lilikuwa faili jipya kabisa, ambalo hatukuliandika sisi. Juu, kwa Kiswahili cha Madogo, paliandikwa: *hapa inataka habari ya soko, na mtu wa kutuma. Isichague yenyewe.* Chini ya hapo, @letewa, na chini tena, @letewa. Guyo aliwasha programu. Msomaji akapita, akakiona kitu kigeni, akakipa kilichokiomba bila kuuliza kimetoka wapi. Ukurasa wa bei za mbuzi ukafunguka mbele yetu.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

Halima alishangaa swali. "Nani anifundishe? Imeandikwa pale juu. Nilisoma."

Guyo aliuvuta ukurasa chini, akaurudisha juu, akaurudia tena, kama mtu anayehesabu mifugo yake jioni akakuta idadi imezidi. Kisha akaegemea kiti, akanigeukia, uso wake wote umefunguka.

"Khadija," akasema, "hii kitu imezaa."